Bi Mkubwa wa Viti Viwili

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya tisa ya ndoa! Daftari hili nimepewa na wenzangu wa duka la mapazia waliponiaga usichana. Ndani ya jalada wameandika: "Andika raha tu, karaha zitajiandika zenyewe." Basi naandika raha. Mume wangu ana kishimo shavu la kushoto, la kulia halina, kana kwamba aliyemuumba aliitwa ghafla akaacha kazi njiani. Ni fundi wa miwani. Mchana kutwa anawagombeza wateja wasifute vioo kwa nguo, halafu jioni anarudi, ananitazama, anavua miwani yake na kuifuta kwa pindo la shati. Nikimwona hivyo moyo unakimbia kama cherehani iliyokanyagwa na mwanafunzi.

Tunaishi kwa mama mkwe, chumba cha uani. Na hapo uani, chini ya banda, nimemkuta mke mwenzangu.

Ni gari. Gari la spoti, viti viwili, rangi ya kiini cha yai, paa la turubai la kukunjwa. Lina miaka thelathini na tisa, mume wangu ana ishirini na minane. Taa zake za mbele hulala ndani ya boneti, ukiziwasha zinainuka kama macho yanayofumbuka, ila ya kushoto imelegea, inaishia nusu. Kwa hiyo kila likiwashwa taa, linakonyeza. Jina lake alilitoa mama mkwe mwenyewe. "Bibi harusi, usijidanganye," aliniambia siku ya kwanza. "Wewe ni wa pili. Bi Mkubwa ni huyo hapo, ana miaka mitatu humu."

Jumatano, 13 Machi

Mvua ya kwanza. Tulikaa mlangoni tukaitazama mpaka chai ikapoa. Siandiki zaidi.

Jumamosi, 16 Machi

Leo amenipeleka kwa wenzake! Kila Jumamosi asubuhi wenye magari ya namna hii hukutana kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa zamani. Nilitegemea wazee wenye vitambi na kofia. Ni vijana watupu, hakuna hata mmoja aliyefika thelathini na tano, na kila mmoja amekuja na gari lililomzidi umri. Kuna kinyozi mwenye gari la kijani, mlango wa abiria haufunguki, abiria anaingilia dirishani. Kuna muuguzi aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu, bado na viatu vya wodini. Hawaulizani hali. Wanaulizana, "Limewaka?" Na jibu ni, "Limewaka!" Kisha wanapongezana kama waliojifungua salama.

Nikamuuliza kinyozi, "Shemeji, mnapenda nini humu? Feni hakuna, redio hakuna, na kila wiki mko uvunguni."

"Shemeji," akasema, "gari jipya ukilipanda linakuuliza unakwenda wapi. Hili linakuuliza, wewe ni nani?"

"Mwongo huyo," muuguzi akadakia. "Linakuuliza, spana umeleta?"

Njiani kurudi nikamuuliza mume wangu naye. Alibadilisha gia mara mbili. Kisha akasema, "Gari jipya likiugua linawasha taa, unalipeleka kwa mtu mwenye kompyuta. Hili likiugua, nikiinama nalisikia. Kila kitu humu kilifungwa na mkono wa mtu, na mkono wangu unaweza kukifungua." Jamani! Mtu akisema hivyo kuhusu chuma, je, kuhusu mke?

Hata mshale wa mafuta haufanyi kazi. Yeye hupima kwa hesabu: kilomita ngapi kwa lita moja, anaandika kwa penseli nyuma ya karatasi za kupimia macho. Anatia mafuta ya kwenda na kurudi, tone la ziada hakuna, kwa sababu anasema tangi zee likijazwa linavuja. Hajawahi kukosea.

Jumapili, 17 Machi

Raha zimeingia doa.

Mvua tangu alfajiri. Banda la uani ndipo mahali pekee pakavu pa kuanikia nguo, na Bi Mkubwa amelijaza lote. Kwa hiyo nguo za nyumba nzima zinaanikwa chumbani kwetu. Tulikuwa tunakunywa chai chini ya magauni matatu ya mama mkwe, tone likaanguka kwenye kikombe cha mume wangu, akalinywa akasema ni baraka. Nikacheka. Mama mkwe alikuwa mlangoni na ndoo, hakucheka.

"Kumbe banda langu ni la gari na chumba cha mwanangu ni cha nguo," akasema. "Na mimi nikaanikwe wapi?"

"Mama, ni mvua tu, zitapita."

"Kila mwaka zinapita, na kila mwaka nangoja. Yule jirani daktari wa meno alikuja jana tena, anataka kulinunua gari. Ana gereji yenye vigae. Atalifunika blanketi."

"Ndiyo hivyo, atalifunika blanketi." Sauti ya mume wangu ilikuwa ndogo mno. "Anayo manne mama, yote yamelala. Halitaiona barabara tena."

"Kwani lako linaiona? Lini limenyeshewa likafika? Gari la kiangazi si gari, ni pambo." Akaweka ndoo chini. "Sasa sikiliza. Nakupa mvua hizi zote. Nenda kwa shangazi yako mlimani, urudi mpaka getini hapa, mvua ikinyesha. Na urudi bila kamba. Ukiweza, banda ni la Bi Mkubwa na mimi nafunga mdomo. Mvua zikiisha hujaweza, daktari analichukua."

Niseme kuhusu kamba. Mwaka jana Bi Mkubwa alirudishwa mara tatu akivutwa na lori la mboga, na mtaa mzima ukatoka kupiga makofi. Mama mkwe alifunga dirisha.

Mume wangu akavua miwani akaifuta kwa shati. Safari hii hakuwa ananitazama mimi.

Mama mkwe ana roho ngumu. Nimeandika, na sifuti.

Jumanne, 26 Machi

Shuka nne, taulo tatu, na sisi wawili katikati. Napenda.

Jumapili, 7 Aprili

Tulitoka saa mbili asubuhi kwenda kwa shangazi, mvua kubwa, mume wangu amevaa shati nililompigia pasi mimi. Kilomita kumi za kwanza zilikuwa fungate. Injini yake ina sauti ya mtu anayeimba na mdomo umejaa chakula. Unakaa chini kabisa, magurudumu ya malori yanapita usawa wa sikio, na kila kona unaisikia mgongoni. Nilipiga kelele, mume wangu akacheka mpaka kishimo kikazama.

Halafu paa. Turubai lile ni zee, limechanika kila mahali pa kukunjia. Kwanza matone, halafu mifereji. Nikafungua mwavuli. Ndiyo, ndani ya gari! Nikaushika juu ya kichwa chake ili aone njia, upande mmoja ukabana mlangoni, ubavu wa mwavuli ukavunjika. Maji yakateremka nyuma ya dashibodi mpaka kwenye nyaya. Bi Mkubwa akakohoa mara mbili, akazimika, chini ya mlima hata hatujaanza kupanda.

Tulirudi kwa kamba. Lori lilelile la mboga. Makofi yaleyale.

Mama mkwe alichukua mwavuli wangu uliovunjika, akaketi barazani, akatoa koleo ndogo na kipande cha waya kwenye mkebe wa biskuti, na kabla sijamaliza kukamua gauni ulikuwa mzima. Akanirudishia bila kunitazama.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimepata wazo! Mimi si mshona mapazia? Dukani kuna nguo nzito isiyopitisha maji, ya maturubai ya mikahawa. Bosi wetu ameniachia kipande kilichobaki, zawadi ya harusi iliyochelewa. Nitamshonea Bi Mkubwa paa kwa mikono yangu. Mke mdogo kumshonea mke mkubwa kilemba, nani amewahi kuona?

Jumamosi, 20 Aprili

Nataka kulia, lakini kicheko kinanizuia.

Paa lilikamilika jana. Nililishona kama ninavyojua. Dukani kwetu sheria ni moja: dirisha la mita moja, kata mita moja na nusu, kwa sababu pazia lisilo na ziada ni gunia. Nikapima gari, nikaongeza ziada yangu, nikatia na marinda kidogo pembeni. Mume wangu, mtu anayepima lenzi kwa unywele, aliona nguo imezidi. Akanitazama, akanitazama tena, akasema, "Zuri sana, mke wangu." Mapenzi hayo! Laiti angesema ukweli.

Tukamtoa Bi Mkubwa nje kwenye mvua ya asubuhi ili tuone kama paa linavuja. Halikuvuja hata tone. Liliyahifadhi maji. Ile ziada yangu ikashuka katikati kama tumbo la mbuzi aliyekula unga, likajaa, likazidi kujaa, nasi tuko jikoni tunajipongeza.

Ndipo akaja daktari wa meno. Si mtu mbaya, ana sauti laini kama ya mtu anayekwambia hutaumia. Amevaa suti ya rangi ya maziwa. Akasema anapita tu kulijulia hali gari, na kabla hatujamzuia akafungua mlango akaketi kitini. Nikaona kichwa chake kimegusa lile tumbo la paa. Akainua kidole, akalibonyeza. Sijui kwa nini. Labda ni mazoea ya kazi, akiona uvimbe lazima abonyeze.

Mshono wangu wa katikati ukafunguka wote.

Sijawahi kuona ndoo mbili za maji zikimwangukia mtu mmoja aliyekaa. Hakupiga kelele. Alibaki ameshika usukani, maji yanamtoka mikononi mwa koti, akasema kwa upole, "Linahitaji matengenezo kidogo."

Na hapo nikasikia sauti ambayo sikuijua. Mama mkwe! Ameshika nguzo ya baraza kwa mikono miwili, amejikunja, mtandio umeanguka, anacheka bila sauti, kisha kwa sauti, kisha anaomba asaidiwe. Siku arobaini na tisa nimekaa nyumba hii, sikujua ana mwanya.

Jumapili, 21 Aprili

Asubuhi nilikuwa nafumua paa barazani. Mama mkwe akaja akaketi, akashika nguo, akaivuta kwa vidole viwili.

"Nani amekufundisha kukata hivi?"

"Dukani, mama. Pazia lazima liwe na ziada."

"Mwanangu, hili si pazia. Pazia hukatwa likiwa limeshiba. Mwavuli hukatwa ukiwa na njaa."

Sikuelewa. Akaleta mwavuli wangu, akaufungua, akagonga nguo kwa ukucha. Ikalia kama ngoma. Akaniambia kumbe miaka ishirini na miwili alikuwa na meza sokoni, kati ya mama wa vikapu na muuza kufuli, akitengeneza miavuli. Ndiyo iliyomsomesha mume wangu. Nguo ya mwavuli, akasema, hukatwa pungufu ya fremu, upana wa kidole kila upande, ili ikivutwa ikaze, na maji yakianguka yasipate pa kukaa. "Maji ni mgeni mvivu," akasema. "Ukimwekea kiti, haondoki."

Tumekata pamoja, yeye kwa chaki, mimi kwa mkasi. Mkono wake hautetemeki hata kidogo.

Nimerudi ukurasa wa tarehe 17 Machi. Nimefuta.

Jumapili, 28 Aprili

Paa limekaa! Mume wangu alilivuta likalia ngoma, akambusu mama yake kwenye paji la uso, akanibusu mimi, na nilimwona akitaka kulibusu na gari ila akaona aibu.

Jumatatu, 29 Aprili

Redio inasema udongo umeporomoka barabara ya mlimani. Imefungwa.

Jumapili, 5 Mei

Imefungwa bado.

Jumapili, 12 Mei

Imefungwa, na leo jua liliwaka tangu asubuhi mpaka jioni. Mtaa mzima umefurahi, watu wanaanika magodoro. Mimi nilikuwa dirishani naomba mvua kama mwendawazimu. Daktari wa meno amepita mbele ya nyumba polepole, akanipungia mkono. Nikampungia kidole kimoja kimoja.

Jumanne, 21 Mei

Mvua kidogo, dakika kumi. Mume wangu alitoka kazini mbio akasimama katikati yake.

Ijumaa, 24 Mei

Barabara imefunguliwa! Redio inasema manyunyu ya mwisho ni Jumapili. Daktari ametuma ujumbe kwamba atafika Jumapili saa kumi jioni kupata jibu. Mume wangu amepiga hesabu ya mafuta mara nne. Kwenda, kurudi, geti.

Jumamosi, 25 Mei

Leo nimeona kitu, na nimekaa nacho siku nzima.

Nimerudi kutoka dukani mapema. Uani kimya. Mama mkwe alikuwa ndani ya Bi Mkubwa, kiti cha abiria, amekwenda kukaza uzi wa mwisho wa paa. Sindano ilikuwa imeshachomekwa kwenye mtandio. Kazi imekwisha. Lakini alikuwa amekaa tu, mikono mapajani, anatazama mbele, kwenye ukuta wa banda, kama mtu anayeangalia njia. Akainama kidogo upande wa kushoto. Alikuwa anapiga kona.

Nikarudi nyuma nikagonga geti kwa nguvu, kisha nikaingia nikipiga chafya. Alikuwa ameshatoka, anafuta ndoo.

Miaka mitatu gari liko uani kwake. Walipanda marafiki, kinyozi, mimi. Nani alimwambia, mama, panda? Mwanawe anadhani mama analichukia. Mama anaona viti viwili na anajua kuhesabu.

Nami kesho nimeingoja kama siku ya harusi! Gauni nimeshalipiga pasi. Nilizunguka jikoni mara tatu ndipo nikasema.

"Mama, kesho nenda wewe."

"Mimi? Mimi ndiye hakimu."

"Basi hakimu akae karibu na mshtakiwa. Na paa ni lako, nenda ukalione kazini."

Akapepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa. "Na wewe bibi harusi?"

"Nitaanika nguo. Banda litakuwa wazi."

Akaweka ungo chini. Kisha akasema, "Ule mtandio wangu wa kijani, kautafute. Usiwe umekunjamana."

Jumapili, 26 Mei

Saa tatu asubuhi. Wameondoka kwenye manyunyu. Bi Mkubwa alinikonyeza getini. Mama mkwe alikaa wima kama anapigwa picha, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Saa sita. Nimeanika nguo zote bandani. Nimeanua, nimeanika tena.

Saa nane. Shangazi amepiga simu. Walifika! Wamekunywa chai wakaondoka. Paa halijadondosha hata tone. Anasema mama mkwe amemwambia habari za kona zote, moja moja.

Saa kumi kasoro. Daktari amefika na gari lake kubwa. Ameketi barazani. Nimeona kwenye buti la gari lake kamba mpya, nene, ya bluu, imezungushwa vizuri. "Ni tahadhari tu," amesema kwa ile sauti laini. Nimempa chai, nimesahau sukari, sijutii.

Sasa ni jioni na bado nacheka, lakini naandika.

Saa kumi na robo nilisikia injini ikiingia mtaani. Ile sauti ya mdomo uliojaa chakula! Nikasimama. Ikakohoa. Ikanyamaza.

Nilikimbia bila viatu. Bi Mkubwa alikuwa amesimama kwenye kona, hatua mia moja kutoka getini, jicho la kushoto nusu. Mume wangu ameshika usukani, uso umenywea. Majirani walianza kutoka, mikono tayari kwa makofi.

"Mafuta," akaniambia. "Yamekwisha. Hesabu yangu..."

"Hesabu yako haina kosa," mama yake akasema. Mtandio ulikuwa shingoni, nywele zimesimama, macho yanang'aa kama ya msichana. "Mimi ndiye niliyesema tupite sokoni."

"Mara tatu, mama."

"Mara ya kwanza mama wa vikapu alikuwa ameinama. Angenionaje ameinama? Mara ya pili muuza kufuli alikuwa na mteja."

Daktari alikuwa ameshafika nyuma yangu na gari lake. Akateremka, kamba mkononi. "Msijali, majirani ni wa kusaidiana," akasema, akainama kutafuta pa kuifunga.

Mume wangu akavua miwani.

Mama mkwe akafungua mlango. Akavua viatu, akavipanga kitini kimoja kando ya kingine, akazunguka nyuma ya gari akaweka viganja viwili kwenye buti.

"Daktari, ahsante. Kamba hiyo usiifunge hapo."

"Lakini mama, mlikubaliana..."

"Nilisema arudi bila kamba. Sikusema arudi bila mama. Wewe mtoto, shika usukani! Bibi harusi, njoo huku!"

Nikaja. Bega langu na bega lake. Bi Mkubwa ni mzito kuliko anavyoonekana, kama wanawake wote wa nyumba hii. Tulisukuma, manyunyu yanatupiga, na juu ya kichwa cha mume wangu paa linalia ngoma. Majirani walipiga makofi, lakini safari hii walikuja wakipiga, na kinyozi akatokea sijui wapi akiuliza, "Limewaka?" na mama mkwe akajibu, "Tumewaka sisi!" Hatua ishirini za mwisho nikaona mikono ya koti jeupe pembeni yangu. Daktari naye anasukuma. Nimesema si mtu mbaya.

Gurudumu la mbele likavuka geti. Mama mkwe akapiga buti kofi moja. "Banda ni lako," akamwambia gari, si mtu mwingine. Kisha akamgeukia daktari. "Ila kamba yako ni nzuri sana. Nipe nikaanikie nguo barazani."

Na daktari akampa.

Jumatatu, 27 Mei

Jua. Kamba ya bluu imefungwa kutoka nguzo hadi nguzo, chini ya upenu wa baraza ambako mvua haifiki. Miaka mitatu ya ugomvi, na dawa ilikuwa kamba! Chumba chetu kikavu, kinasikika mwangwi.

Chai ya asubuhi mama mkwe alisema, kana kwamba anazungumzia chumvi, "Jumapili ijayo tutoke upande wa ziwani. Nasikia kuna kona nzuri."

"Mama," mume wangu akasema, "viti ni viwili."

"Najua. Nimevihesabu miaka mitatu."

Kwa hiyo zamu zimepangwa. Jumamosi ni yangu, Jumapili ni ya mama, na katikati ya wiki Bi Mkubwa anapumzika. Niliingia nyumba hii mke wa pili, leo nimeshuka hadi wa tatu, na sijawahi kuwa na furaha kama hii. Mume wangu amesimama mlangoni sasa hivi, amechelewa kazini. Ananitazama. Anavua miwani, anashika pindo la shati.